Namoya: Mashine zikirudi, nani atakaa kwenye kiti?

Mwezi Oktoba 2025 bei ya dhahabu ilivuka dola 4,000 kwa onsi moja kwenye soko la dunia, kwa mara ya kwanza katika historia. Kunako Septemba 2019, wakati kompani ya Banro iliposimamisha kazi kwenye mgodi wake wa Namoya, wilaya ya Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, onsi hiyo hiyo ilikuwa inauzwa karibu dola 1,500. Bei imepanda zaidi ya mara mbili na nusu. Mawe ambayo wakati ule hayakufaa kubebwa na kamyo, leo yanaweza kumlipa mwenye kamyo na kumwachia faida.

Kwa wenye mitaji hesabu hiyo inatosha. Kwa wakaaji wa Salamabila, Kabambare na Kasongo haitoshi. Wao wanakumbuka kilichotokea mara ya kwanza mashine zilipokuja: vijana waliopata kazi na waliokosa, krezeri walioondolewa kwenye mashimo, barabara iliyojaa vizuizi, wafanyakazi waliotekwa, na mwisho mgodi ulionyamaza. Ndiyo sababu kila inapotajwa habari ya kuwasha tena injini, swali linalorudi vijijini linahusu kiti cha mashine: nani atakaa humo, kwa mkataba gani, kwa usalama gani, na atafanya nini siku injini zitakapozimwa tena?

Kazi yenyewe ni ipi

Namoya ni mgodi wa kariere, yaani shimo la wazi. Dhahabu yake haifuatwi kwa handaki. Kilima kinakatwa kwa ngazi kutoka juu kwenda chini. Majina ya sehemu zake, Mwendamboko, Kakula, Muviringu na Namoya Summit, yanajulikana Kabambare nzima.

Katika mgodi wa aina hiyo karibu kila kitu kinapita mikononi mwa anayeendesha mashine. Kwanza wapo wa kutoboa mwamba ili baruti iwekwe. Baada ya mlipuko anaingia mwenye ekskaveta, anachota mawe na kuyamwaga kwenye kamyo kubwa. Shofere wa kamyo anapanda na mzigo, mawe yenye dhahabu yakienda kwenye kinu na yasiyo na kitu yakienda kutupwa. Mwenye katapila la kusukuma anasawazisha pale pa kutupia. Mwenye greda anatengeneza njia, kwa sababu njia ikiharibika kamyo zote zinapunguza mwendo, na mwendo ukipungua mgodi mzima unapata hasara. Mwenye gari la maji ananyunyizia vumbi. Mmoja akikosea, wote wanasimama, au mtu anakufa.

Wengi wanaiona kazi hiyo kama ya kukaa tu na kuvuta vijiti. Ukweli ni mwingine. Dereva wa kamyo ya tani 40 haoni mtu aliyesimama karibu na gurudumu la upande wa pili. Kwa hiyo migodi mingi inatumia lugha ya honi: moja kabla ya kuwasha injini, mbili kabla ya kwenda mbele, tatu kabla ya kurudi nyuma. Ukingo wa njia unawekewa tuta la udongo, na kanuni inayofuatwa sehemu nyingi ni kwamba tuta hilo lisipungue nusu ya urefu wa gurudumu la kamyo kubwa kuliko zote. Kabla ya zamu, opereta anazunguka mashine yake: mafuta, breki, matairi, mabomba ya haidroliki, taa. Asipofanya hivyo asubuhi, mteremko utamuuliza mchana.

Maniema inaongeza ugumu wake. Mvua inanyesha sehemu kubwa ya mwaka, na kiangazi ni miezi michache tu katikati ya mwaka. Udongo mwekundu ukilowa unakuwa kama sabuni. Kamyo yenye mzigo inayoshuka kwenye udongo huo haisimami kwa breki peke yake. Opereta mwenye ujuzi anajua wakati wa kupunguza gia, na anajua pia wakati wa kukataa kushuka. Neno hilo la mwisho ndilo gumu zaidi, kwa sababu anayekataa kushuka anahitaji mkataba unaomlinda.

Halafu kuna madhara yasiyoonekana siku ile ile. Mtikisiko wa mashine kwa saa nyingi unaumiza mgongo. Kelele inaua masikio polepole. Vumbi la mwamba linaingia kwenye mapafu na linaweza kumfuata mtu miaka mingi baada ya kuacha kazi. Sheria ya kazi ya Kongo inaweka saa 45 kwa juma kama kipimo cha kawaida, lakini migodi mikubwa duniani inapenda zamu za saa 12, mchana na usiku, zikifuatwa na siku za mapumziko. Zamu hizo zinawezekana ikiwa mapumziko yanaheshimiwa na saa za ziada zinalipwa. Mapumziko yakikatwa, usingizi unamshika mtu kwenye usukani, na shimo halimsubiri aamke.

Kutoka SOMINKI hadi ukimya wa 2019

Dhahabu ya Namoya si habari mpya. Ilichimbwa tangu enzi za Wabelgiji. Kunako 1976 kompani kadhaa za madini za Kivu na Maniema ziliunganishwa kuwa SOMINKI, jina ambalo wazee wa eneo hili bado wanalitaja kama kipimo cha kazi ya zamani. Kompani ya Kanada, Banro, ilichukua udhibiti wa SOMINKI kunako 1996. Miaka miwili baadaye serikali ya Laurent-Désiré Kabila iliinyang'anya haki hizo, na mwaka 2002 makubaliano mapya yaliirudishia Banro maeneo manne ya dhahabu: Twangiza, Kamituga na Lugushwa kule Kivu Kusini, na Namoya huku Maniema.

Twangiza ilianza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2012. Namoya ilichelewa, na uzalishaji wake wa kibiashara ulitangazwa kuanza Januari 2016. Haukudumu hata miaka minne kwa utulivu. Mwezi Machi 2017 watu wenye silaha waliwateka wafanyakazi watano, Mfaransa mmoja, Mtanzania mmoja na Wakongomani watatu. Mwezi Desemba mwaka huo huo Banro, iliyokuwa imelemewa na madeni, iliomba ulinzi wa mahakama ya Kanada dhidi ya wadai wake. Mwezi Julai 2019 wafanyakazi wengine wanne walitekwa: mmoja wa Afrika Kusini, mmoja wa Zimbabwe na Wakongomani wawili. Septemba kazi zikasimamishwa. Baadaye mgodi ulibadilisha wenyewe.

Kundi lililotajwa zaidi katika mashambulizi ya eneo hilo ni Mai-Mai Malaika, lililokuwa likiongozwa na Sheikh Assani. Madai yake ya wazi yalikuwa kwamba kompani inachota utajiri na wenyeji hawafaidiki. Madai hayo yalisikika kwa urahisi vijijini kwa sababu yaligusa jambo la kweli. Lakini waliolipa gharama ya vita ni wenyeji wale wale waliosemewa. Mapigano kati ya kundi hilo na jeshi la FARDC yaliwafukuza watu majumbani, na ubakaji wa wanawake katika Kabambare ulifikia kiwango ambacho madaktari wa MSF waliweka huduma Salamabila kwa ajili ya waathirika.

Katika hadithi hiyo opereta anasahaulika. Habari za dunia zilitaja kompani, bei ya hisa, wageni waliotekwa na jina la kiongozi wa kundi. Hazikutaja sana kwamba katika kila orodha ya waliotekwa Wakongomani walikuwemo, na kwamba siku injini zilipozimwa, mtu wa Salamabila aliyekuwa amejifunza kuendesha kamyo kubwa alirudi nyumbani na ujuzi ambao hakukuwa na mashine ya pili ya kuupokea.

Hesabu ya kamyo moja

Ili kuelewa kwa nini watu wanagombania kilima, hesabu ya kamyo moja inasaidia. Chukua mfano wa mawe yenye gramu 2 za dhahabu kwa kila tani. Kamyo ya tani 40 inabeba gramu 80. Kinu hakipati zote. Tuseme kinapata robo tatu, yaani gramu 60. Kwa bei ya dola 4,000 kwa onsi, gramu moja ni karibu dola 128, na gramu 60 ni karibu dola 7,700. Hiyo ni safari moja ya shofere mmoja kutoka chini ya shimo hadi kwenye kinu.

Pesa hizo zote si faida. Kwa kila kamyo ya mawe yenye dhahabu, huenda kamyo tatu, nne au zaidi za mawe matupu zimebebwa kwanza ili kuifikia. Mazuti, matairi, baruti, sianidi, riba ya madeni na ulinzi vinakula sehemu kubwa. Banro yenyewe ilionyesha kwamba mgodi unaweza kutoa dhahabu na bado kompani ikazama.

Lakini fuata sasa sehemu ya Leta. Sheria ya madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inatoza dhahabu mrabaha wa asilimia 3.5 ya thamani yake. Kwenye dola 7,700, mrabaha ni karibu dola 270. Sheria inagawa: asilimia 50 kwa serikali kuu, asilimia 25 kwa jimbo, asilimia 15 kwa usultani au sekta ambamo mgodi umo, na asilimia 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kwa hiyo safari ile moja inapaswa kuacha karibu dola 67 Kindu, na karibu dola 40 kwa usultani au sekta ya mahali. Juu ya hayo, kompani inapaswa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazouzunguka mgodi. Kwenye kamyo yetu hiyo ni karibu dola 23.

Dola 40 na dola 23 zinaonekana kidogo. Lakini zizidishe kwa kamyo mia moja, halafu kwa siku za mwezi, nawe utaona shule, daraja na kituo cha afya. Kasoro iko mahali pengine. Banro ilifanya kazi zaidi wakati wa sheria ya zamani ya 2002, ambayo haikuwa na asilimia hiyo 0.3 na iliyotoza dhahabu asilimia 2.5 tu. Kijana wa Salamabila aliyeona kamyo zikipita usiku na mchana hakuona daraja likifuata nyuma yake. Mgodi ukifanya kazi chini ya sheria mpya, wakaaji watakuwa na namba za kudai. Bila mtu wa kuhesabu safari za kamyo na kuzilinganisha na pesa zinazofika kwenye sanduku la usultani, namba hizo zitabaki kwenye karatasi Kinshasa.

Na hapo ndipo opereta anarudi. Kila kamyo inayopakiwa inaandikwa, na anayeipakia na anayeiendesha wanajua wamefanya safari ngapi. Wafanyakazi wenye chama huru cha kazi na mkataba wa kudumu ni mashahidi ambao jamii haiwezi kuwapata kwingine.

Mkataba wa nani?

Katika migodi mingi ya Kongo mtu anayevaa kofia yenye jina la mgodi si lazima awe ameajiriwa na mgodi. Kuchimba na kubeba mawe mara nyingi hupewa kompani nyingine kwa kandarasi, na kompani hiyo nayo inachukua watu kwa mkataba wa miezi michache au kama vibarua wa siku. Sheria ya 2017 inasema kazi za kandarasi ndogo zinapaswa kwenda kwa kompani zenye mtaji ulio mikononi mwa Wakongomani kwa sehemu kubwa. Nia ni nzuri. Lakini Mkongomani mwenye kompani Kinshasa au Lubumbashi na kijana wa Kabambare si mtu mmoja, na karatasi ya umiliki haisemi nani anapanda kwenye mashine.

Kijana wa kusini mwa Maniema anayetaka kazi hiyo anakutana na milango mitatu. Wa kwanza ni cheti. Kompani zinataka mwenye uzoefu na karatasi, na wengi walijifunza kwa kukaa kando ya shofere, kama boyi shofere, bila kupata karatasi yoyote. INPP, chuo cha Leta cha mafunzo ya kazi kilichoundwa mwaka 1964, ndicho chenye jukumu la kutoa mafunzo ya aina hiyo, lakini kutoka Salamabila hadi kwenye karakana yenye mashine ya kujifunzia ni safari ndefu na ya gharama. Mlango wa pili ni undugu na matabishi: jina linaingia kwenye orodha kwa sababu ya nani anamjua nani. Wa tatu ni woga wa kompani yenyewe, inayoona kila kijana wa mahali kama ndugu wa mtu aliye msituni.

Woga huo una gharama yake. Mgodi unaoleta maopereta wote kutoka mbali unajikuta kisiwani: hakuna jirani anayeumia mgodi ukifungwa, na hakuna anayepata sababu ya kuulinda. Kinyume chake pia kina hatari. Kumweka mtu kwenye kamyo ya tani 40 bila mafunzo ya kutosha, ili tu kutuliza kijiji, ni kumpeleka kaburini pamoja na wenzake.

Kuna mifano ya njia ya katikati. Kibali, mgodi wa dhahabu wa Haut-Uele ulioanza kuzalisha mwaka 2013, umeonyesha kwamba Wakongomani wanaweza kuendesha hata teknolojia ya juu: chini ya ardhi, mashine za kubeba mawe zinaongozwa na maopereta waliokaa juu, mbele ya skrini. Geita, nchini Tanzania, mgodi uliofunguliwa mwaka 2000, umekuza kizazi kizima cha maopereta wanaotafutwa leo katika nchi nyingine za Afrika. Hakuna hata mmoja wao aliyezaliwa anajua ekskaveta. Waliipata kwa miaka ya mafunzo, kwenye mgodi uliokaa wazi muda wa kutosha. Namoya haijawahi kukaa wazi muda wa kutosha.

Mashine bila mgodi

Kunyamaza kwa kompani hakuondoi mashine kwenye dhahabu. Katika Kivu Kusini, jirani wa Kabambare, miaka ya karibuni imeonyesha sura nyingine: ekskaveta zinazoingia mitoni na kwenye machimbo ya krezeri kwa mgongo wa kooperative. Mwezi Agosti 2021 liwali wa Kivu Kusini wakati huo, Théo Ngwabidje, alisimamisha kazi za kompani kadhaa katika wilaya ya Mwenga baada ya wakaaji kulalamikia mito iliyochafuliwa na mashamba yaliyoharibiwa. Mwezi Julai 2024 liwali aliyefuata, Jean-Jacques Purusi, alisimamisha shughuli za madini katika jimbo zima.

Sheria iko wazi. Uchimbaji mdogo ni wa Wakongomani, kwa vifaa visivyo vya kiwanda, na shimo lisipite mita 30. Ekskaveta haimo. Anayetaka mashine anapaswa kuomba kibali cha mgodi mdogo au mkubwa, pamoja na masharti ya mazingira na ya kazi. Lakini mashine moja ikifika mtoni usiku, inafanya kwa siku chache kile ambacho krezeri mia moja wangefanya kwa miezi, na kwa kipindi hicho dhahabu imeshaondoka.

Opereta aliyeachishwa kazi kwenye mgodi rasmi ndiye anayetafutwa na wenye mashine hizo. Analipwa kwa siku au kwa gramu. Hana mkataba, hana kofia, wala mchango wa CNSS hautolewi kwa jina lake. Ukuta wa mchanga ukimwangukia, hakuna wa kulipa familia. Polisi wakija, mwenye mashine yuko mjini na anayekamatwa ni yeye. Na maji yakichafuka, anayenyooshewa kidole kijijini ni yule aliyeonekana kwenye kiti.

Upande wa pili wapo krezeri wanaoingia kwenye mashimo ambayo mashine ziliyaacha. Ukuta uliokatwa kwa ekskaveta ulikatwa kwa ajili ya kamyo na wapimaji wanaoangalia nyufa kila siku. Mtu akiingia chini yake na nyundo na karai, akichimba mguu wa ukuta kufuata mshipa, ameondoa kile kilichokuwa kinaushikilia. Mvua kubwa inafanya yaliyobaki. Kwa hiyo suala la nani anafunga shimo, na nani analisawazisha kabla ya kompani kuondoka, ni suala la maisha. Na kulisawazisha ni kazi ya opereta yule yule.

Barabara, mazuti na Kasongo

Hakuna mgodi wa kariere bila mazuti, na hakuna mazuti Namoya bila barabara. Katika karne ya 19 misafara kutoka Ujiji ilivuka ziwa Tanganyika, ikapita Kabambare na kufika Kasongo, mji wa Tippu Tip. Leo mzigo mzito wa Namoya bado unategemea mashariki: kutoka upande wa ziwa na Uvira, kupitia Fizi na Lulimba, kwenye njia iliyojaa matope, vizuizi na watu wenye silaha. Kuingia kwa M23 mjini Bukavu mwezi Februari 2025, na kisha Uvira mwezi Desemba mwaka huo, kulionyesha jinsi mlango huo ulivyo mwembamba. Hakuna mwenye mtaji atakayeleta mashine za mamilioni bila kujua kipuri na mazuti vitapita wapi.

Hapa Kasongo inapata uzito wake. Mji huo uko kwenye barabara ya taifa namba 2 inayokwenda Bukavu, karibu na Lualaba, na ndiyo soko kubwa la kusini mwa Maniema. Lakini barabara kutoka Kasongo kwenda Kabambare ni ya kuhurumiwa, na mfanyabiashara anayepeleka mchele au mawese anajua bei ya kila shimo la njia.

Kitu cha kushangaza ni hiki: mashine zinazotengeneza barabara ni ndugu wa zile za mgodi. Greda ni ile ile, ekskaveta ni ile ile, kamyo tu ndiyo ndogo. Opereta aliyetunza njia ya kamyo Mwendamboko, akihakikisha maji yanatiririka pembeni na tuta liko mahali pake, anaweza kutunza barabara ya Kabambare. Mpango wa maendeleo wa wilaya 145, uliozinduliwa na serikali kwa ajili ya nchi nzima, una sehemu ya barabara za vijijini. Ofisi ya Barabara ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuunganisha: orodha ya maopereta wa Kabambare na Kasongo, mtihani wa kuwapa vyeti kwa ujuzi walionao tayari, na sharti kwenye kandarasi za barabara kwamba watu hao waitwe kwanza.

Faida yake ni mbili. Opereta asiye na mgodi anapata kazi halali badala ya kwenda mtoni usiku. Na mgodi ukifunguliwa tena, unakuta watu wenye cheti na uzoefu mahali pale pale, bila kisingizio cha kuleta kila mtu kutoka Kolwezi au nje ya nchi.

Yatakayoonyesha kama kuna mabadiliko

Bei ya dhahabu inaweza kushuka kama ilivyopanda. Kwa hiyo wakaaji hawawezi kujenga maisha juu yake. Wanaweza kujenga juu ya masharti, na masharti huwekwa kabla ya mashine ya kwanza kushuka kwenye kamyo, kwa sababu baada ya hapo sauti ya kijiji inamezwa na injini.

Mambo manne yatatosha kuonyesha kama safari hii ni tofauti. La kwanza ni daftari la majukumu kati ya kompani na jamii, ambalo sheria ya 2018 inalitaka: je, litajadiliwa Salamabila kwa lugha ambayo wakaaji wanaielewa, au litasainiwa mbali? La pili ni orodha ya ajira: je, nafasi za maopereta zitabandikwa hadharani, pamoja na idadi ya watakaofundishwa, wanawake wakiwemo? La tatu ni mahali pa krezeri: je, watapata eneo lao halali lenye dhahabu kweli, au wataondolewa tena bila pa kwenda? La nne ni siku ya mwisho: je, pesa za kufunga mashimo zitawekwa pembeni tangu mwanzo?

Yakikosekana hayo, hadithi inajulikana. Mashine zitakuja na askari wa kuzilinda, kijana aliyekosa kazi atasikiliza maneno ya msituni, barabara itafungwa, na opereta atateremka kwenye kiti chake kwa mara nyingine bila barua wala malipo ya mwisho. Kilima kitakuwa kimepungua tena, na shimo la Mwendamboko litaendelea kujaa maji ya mvua, na watoto watashuka humo na karai kutafuta kile ambacho kamyo ziliacha.

Yakiwepo, Kabambare haitakuwa tajiri kwa usiku mmoja. Lakini mtu wa Salamabila atapanda kwenye katapila akiwa na cheti mfukoni, mkataba wenye jina lake, na haki ya kusema siku ya mvua kwamba leo mteremko haushukiki.